Waliorudi

Sekela wa Tukuyu alipanga chumba changu cha uani, Matamba,
msimu ule wa mvua ambao hata mkaa ulikohoa.
Alfajiri alipanda Kitulo na kasha la vioo vyembamba,
jioni akarudi na matope magotini, na namba.
Namba tupu.
Mwanangu, huko juu unahesabu nini?
Mbochi, akasema.
Nikadhani ametaja mboga.

Mbochi, mama: utamu wa ua
kabla nyuki hajaupa jina la asali.

Akafungua daftari kando ya kikombe.
Ua lile refu linalosimama bondeni kama kijinga cha moto,
mbochi yake ni tele, nyepesi, jirani na maji,
maana mteja wake ni chozi
(chozi ndege, si la jicho,
ingawa baridi ya huku hukupa yote mawili)
mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya magunia.
Kile cha bluu tunachokikanyaga tukienda kisimani
hutoa tone moja, zito, la kunata:
nyuki ana safari, habebi maji.
Na lile jeupe, linalolala mchana kama mlinzi,
giza likiingia hunukia hadi barabarani,
utamu limeuzamisha kwenye shingo ndefu
unakofika ulimi wa nondo peke yake.

Nikacheka. Kumbe wauza chai wenzangu!
Dereva wa lori la viazi hutaka ya rangi, bilauri kubwa,
ainywe amesimama, injini inaunguruma.
Walimu hutaka ya maziwa, kikombe kidogo,
wakae nayo mpaka iote ngozi.

Sekela akatikisa kichwa.
Wewe unajua, mama. Ua halijui.
Ua halikukaa likawaza, huyu nimpe nini.
Yalikuwepo mengi, kila moja na kipimo chake cha kuzaliwa nacho.
Lililokosea halikurudiwa,
lisilorudiwa halikupata chavua,
likanyauka na watoto wake ndani.
Haya tunayoyaona ni wajukuu wa yaliyorudiwa.

Usiku ule sikulala vizuri.
Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha Eliuda.
Chai yake ilishinda yangu, Mungu shahidi, iliki ya kutwanga.
Lakini upande ule ni mteremko,
na lori lenye shehena halisimami mteremkoni.
Siku hizi pana mlango, na magugu yanayoufunga.
Na mimi miaka yote nikijisifu mkono wangu.

Zipo pia, alinieleza siku nyingine akimenya kiazi,
okidi zisizo na kitu ndani.
Zimetundika mapambo ya harusi, pilau hakuna.
Nyuki mgeni huingia, hutoka na chavua mgongoni
na tumbo lile lile.
Tukanyamaza. Sote tulijua mizizi ya hizo
inakwenda wapi usiku, kwenye viroba, hadi Tunduma,
ikawe kikande kwenye sahani za watu.
Aliyemlaghai nyuki tangu enzi na enzi
hakuwahi kujifunza jembe.

Aliondoka mwezi wa nne. Alisahau kioo kimoja dirishani.
Asubuhi hiyo chozi alishuka kibandani kwangu,
kijani cha kung'aa, mdogo kuliko kidole gumba,
akatua juu ya chupa ya chai
yenye kifuniko chekundu.
Akachungulia. Akadonoa plastiki, mara moja, mara ya pili.
Akaenda zake.

Nikaosha vikombe.
Sikuongeza sukari, sikupunguza.
Kesho yake, saa ile ile,
nilijikuta nimesimama mlangoni na kitambaa mkononi,
nikitazama juu ya chupa.